Baada ya makofi ya Chicago: jinsi Swami Vivekananda alivyoifikisha Vedanta ng'ambo

Swali: Mtaalamu, salaam. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Mombasa. Kila ifikapo Septemba hunifikia kwenye simu ujumbe uleule: kwamba mwaka 1893 mtawa wa Kihindu, Swami Vivekananda, alisimama Chicago akasema "Dada na ndugu zangu wa Marekani", ukumbi mzima ukainuka kumpigia makofi, na tangu siku ile falsafa ya Vedanta ikaenea nchi za Magharibi. Hotuba moja inaweza kufanya kazi kubwa hivyo? Vedanta yenyewe ni nini, na aliipeleka kwa njia gani hasa? Je, mahekalu tuliyo nayo hapa pwani yametokana naye? Na nikitaka kusoma, nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, ahsante, na hongera kwa kuuhoji ujumbe ule badala ya kuusambaza tu.

Hotuba ilitolewa kweli, Jumatatu tarehe 11 Septemba 1893, kwenye Bunge la Dini za Dunia, mkutano uliokusanya wasemaji wa dini mbalimbali, na makofi yalipigwa kweli. Ila ukiisoma yote, na ni fupi, haifiki maneno 500 kwa Kiingereza, hutalikuta neno Vedanta humo hata mara moja. Ni salamu, shukrani, na karipio kali kwa ushupavu wa kidini. Vedanta aliitaja kwa jina siku 8 baadaye, tarehe 19, alipoisoma mada yake kuhusu Uhindu. Kwa hiyo aliyekuambia Vedanta ilienea kwa salamu ile amekuonyesha mlango akakuambia hiyo ndiyo nyumba. Nyumba ilijengwa baadaye, polepole, kwa vitu ambavyo havikupigiwa makofi: vyumba vya kupanga New York, kalamu ya mwandishi wa hati mkato, vitabu, na watawa waliopokezana kazi miaka mingi baada ya yeye kufariki.

Tuanze na jina lenyewe, na hapo kuna tahadhari ya lugha. Kwa Kiswahili tunachanganya sana Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, awe Mwislamu, Singasinga, Mkristo au Mjaini. Mhindu ni mfuasi wa dini. Na Vedanta si jina jingine la dini hiyo nzima. Ni mkondo mmoja wa falsafa ndani yake. Neno lina maana ya "mwisho wa Veda", yaani maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, kwa sababu chimbuko lake ni Upanishadi, maandiko yanayofunga mkusanyiko wa Veda. Mihimili yake ni mitatu: Upanishadi, Brahma Sutra, na Bhagavad Gita yenye sura 18 na beti 700.

Swali lake kuu ni moja: kilicho ndani yangu kabisa kina uhusiano gani na kilicho nyuma ya ulimwengu wote? Cha ndani huitwa Atman, cha ulimwengu huitwa Brahman. Upanishadi ya Chandogya inalijibu swali hilo kwa chumvi. Kijana Shvetaketu amerudi nyumbani akiwa na miaka 24, baada ya miaka 12 ya masomo, anajiona amemaliza kila kitu. Baba yake anamwambia atie bonge la chumvi kwenye chombo cha maji, amrudie asubuhi. Kulipokucha anamwambia: niletee ile chumvi uliyoitia jana usiku. Kijana anapapasa, haipati. Onja juu. Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Onja chini. Chumvi. Huioni, baba anamwambia, lakini imo humu humu. Na kilicho asili ya vyote kiko vivyo hivyo, "na hicho ndicho wewe, Shvetaketu". Maneno hayo, kwa Kisanskriti *tat tvam asi*, ndiyo kitovu cha Vedanta.

Walioyafasiri hawakukubaliana, na jambo hili watu wengi hawaambiwi. Shankara, wa karne ya 8 hivi, alisema Atman na Brahman ni kitu kimoja bila ya pili. Shule yake huitwa Advaita, yaani isiyo na uwili. Tofauti tuzionazo alizieleza kwa neno maya, na mfano wake mashuhuri ni kamba gizani inayodhaniwa nyoka. Moyo unakudunda kweli, jasho linakutoka kweli. Taa ikija nyoka hauawi wala hafukuzwi, unaona tu kwamba hakuwapo. Kamba ipo. Ndiyo maana ni kosa kusema Vedanta inafundisha kwamba dunia si chochote. Ramanuja, karne ya 11 na 12, alipinga: roho na ulimwengu ni kama mwili wa Mungu, zimeungana naye ila hazipotei ndani yake. Madhva, karne ya 13, alikwenda mbali zaidi akasema Mungu na roho ni wawili milele. Wote watatu ni watu wa Vedanta. Aliyoipeleka Vivekananda ni ile ya Shankara, ingawa aliifinyanga upya, na nitaeleza namna gani.

Mtu mwenyewe alizaliwa Kolkata tarehe 12 Januari 1863, jina lake Narendranath Datta, baba yake wakili wa Mahakama Kuu. Alisoma falsafa ya Ulaya chuoni, akawa mtu wa kutaka ushahidi. Mwaka 1881 alikutana na Ramakrishna, kuhani wa hekalu la mungu wa kike Kali kule Dakshineswar, mtu aliyesoma kidogo sana darasani lakini aliyeshika ibada kwa uzito uliomshinda kijana yule kuukataa. Baba alifariki 1884, familia ikaingia kwenye ufukara. Ramakrishna akafariki tarehe 16 Agosti 1886. Vijana wachache waliobaki walishika nadhiri za utawa katika nyumba chakavu ya Baranagar, na baada ya hapo Narendranath akazunguka India miaka kadhaa, sehemu kubwa kwa miguu, akila alichopewa. Jina lake la utawa limetokana na *viveka*, upambanuzi, na *ananda*, furaha kuu. Ukiona majina ya watawa wa shirika lake yote yanaishia na -ananda, sababu ni hiyo.

Alipokwenda Marekani hakutumwa na chombo chochote. Nauli ilichangwa na vijana wa Madras wakiongozwa na Alasinga Perumal, mwalimu wa shule kama wewe, aliyepita mlango kwa mlango, na ikaongezewa na mtawala wa Khetri. Kuvuka bahari kwenyewe kulikuwa kosa machoni pa Wahindu wengi wa tabaka la juu, waliosema mvukaji hupoteza tabaka lake. Aliondoka Bombay tarehe 31 Mei 1893, akapitia Colombo, Singapore, Hong Kong na Japani, akashuka Vancouver, akafika Chicago mwishoni mwa Julai. Hapo ndipo alipogundua makosa mawili ya maandalizi: Bunge la Dini za Dunia lingefunguliwa Septemba, na hakuna atakayepewa nafasi bila barua ya utambulisho kutoka shirika linalotambulika. Barua hakuwa nayo, muda wa kujiandikisha ulishapita, na fedha zilikuwa zinayeyuka.

Akaenda Massachusetts kwa kuwa maisha yalikuwa nafuu zaidi huko. Kwenye treni alikutana na mwandishi Kate Sanborn, aliyemkaribisha shambani kwake. Kwa njia hiyo akafahamiana na John Henry Wright, profesa wa Kigiriki wa Harvard. Wright alimwandikia barua kwa kamati na kumkatia tiketi ya kurudi Chicago. Akafika usiku, anwani ya kamati imepotea, akalala kwenye uwanja wa treni za mizigo. Asubuhi alibisha milango akafukuzwa kama ombaomba, mwishowe akakaa chini kando ya barabara. Mama wa nyumba ya mkabala, Bi. Hale, akatoka kumuuliza kama yeye ni mjumbe wa Bunge, akamwingiza ndani, akampa chakula, akampeleka kwa wahusika. Nyumba ile ikawa anwani yake Marekani kwa muda mrefu.

Bunge lenyewe lilidumu siku 17, tarehe 11 hadi 27 Septemba, ndani ya jengo ambalo leo ni makumbusho ya sanaa ya Chicago. Siku ya kwanza aliahirisha zamu yake zaidi ya mara moja hadi alasiri. Hakuwa peke yake kutoka Asia: walikuwapo Anagarika Dharmapala wa Ceylon kwa Wabuddha, Virchand Gandhi kwa Wajaini, Soyen Shaku wa Japani kwa Wabuddha wa Zen, na Protap Mozoomdar wa Brahmo Samaj, jumuiya ya mageuzi ya dini nchini India, ambaye tayari alikuwa amehubiri Marekani miaka 10 kabla. Kwa hiyo usifundishe kwamba yeye ni wa kwanza kuipeleka fikra ya India huko. Bhagavad Gita ilikuwa imefasiriwa kwa Kiingereza tangu 1785; waandishi wa Marekani Emerson na Thoreau waliisoma; na Chama cha Theosofia kilianzishwa New York 1875. Udongo ulikuwa umeshalimwa. Kilichokuwa hakijapatikana ni mtu aliyelelewa ndani ya mapokeo, anayeyaishi, anayejieleza kwa Kiingereza safi bila mkalimani.

Na tahadhari moja kuhusu simu yako: sauti zinazosambazwa zikidaiwa ni za Vivekananda akihutubia Chicago si zake. Hakuna rekodi ya sauti yake iliyothibitishwa. Maandishi ya hotuba ndiyo halisi.

Baada ya makofi alifanya kosa ambalo angeweza kulifanya mgeni yeyote mwenye jina jipya na mfuko mtupu. Alitia saini mkataba na kampuni ya mihadhara, wakamzungusha miji mingi: Madison, Minneapolis, Des Moines, Memphis, Detroit. Jioni moja hapa, kesho treni, keshokutwa ukumbi mwingine. Alitaka fedha za kuwasaidia maskini wa India, lakini sehemu kubwa ya mapato ilibaki kwa kampuni. Ubaya wa pili ulizidi huo. Hadhira ilikuja kutazama kilemba na joho, ikauliza maswali kuhusu mamba na wajane, ikaondoka. Huwezi kumfundisha mtu Upanishadi kwa saa moja kisha ukapanda treni. Mapema 1894 alijitoa kwenye mkataba ule kwa hasara.

Mwaka huohuo ile barua aliyoikosa ilirudi kumsumbua. Waliokuwa wakichangisha kanisani kwa ajili ya misheni za India hawakufurahia kusikia kwamba India haikosi dini, inakosa mkate. Aliyasema hayo waziwazi Bungeni tarehe 20 Septemba. Kukaenezwa kwamba ni tapeli asiyewakilisha mtu. Aliwaandikia vijana wa Madras tena na tena, akiwasihi waitishe mkutano wa hadhara na kutuma azimio. Madras walikutana Aprili 1894, Kolkata tarehe 5 Septemba 1894, na habari zilisafiri kwa meli. Karibu mwaka mzima mtu yule alisimama peke yake bila karatasi ya kujitetea. Wanafunzi wako wakiuliza kwa nini taasisi zinajali utambulisho, mfano ni huu.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Novemba 1894 aliunda Jumuiya ya Vedanta ya New York. Januari 1895 akapanga vyumba vya kawaida barabara ya 33 Magharibi, mtaa usio na hadhi, akaanza madarasa ya mara kadhaa kwa wiki. Viti vilipokwisha watu walikaa sakafuni, na waliochelewa walikaa kwenye ngazi. Kanuni yake ya fedha ilikuwa hii: mafundisho ya dini hayauzwi. Darasa lilikuwa bure, anayetaka anachangia. Fedha za kodi ya chumba zilipopungua alitoa mihadhara ya kulipia kuhusu India, mila zake na historia yake, akafidia. Waliozoea kumwona kwenye kumbi kubwa walimshauri asijishushe kwenye chumba kile, akakataa. Kwa maoni yangu uamuzi huo una uzito kuliko hotuba yote ya Chicago, kwa sababu hapo alichagua wanafunzi wachache akaacha hadhira kubwa.

Kiangazi cha 1895 aliwachukua walio tayari zaidi, 12 kwa jumla, hadi Thousand Island Park, kwenye kisiwa cha mto St. Lawrence. Mwenye nyumba, Bi. Dutcher, alikuwa mmoja wa wanafunzi, akamwongezea chumba ili aweze kukaa. Wanawake wawili wa Detroit waliomsikia mwaka uliotangulia, Christine Greenstidel na Mary Funke, walisafiri mamia ya maili kumtafuta, wakafika usiku wa mvua bila kualikwa, akawapokea. Wengi wa wale 12 walikuwa wanawake, jambo la kuangaliwa sana, maana kwa mapokeo ya India mafunzo ya Veda yalifungiwa wanawake na watu wa tabaka la chini. Siku ya kwanza ya mafundisho, 19 Juni, aliingia na Biblia mkononi akafungua Injili ya Yohana. Alianza na kitabu wanachokijua, sura inayosema hapo mwanzo kulikuwako Neno, ndipo akawavusha kwenda Upanishadi. Wiki saba hivi walikaa naye, asubuhi darasa, jioni mazungumzo na ukimya barazani. Mwalimu aliyewahi kufundisha jambo geni ataiona mbinu hiyo mara moja.

Si kila kitu kilifaulu hapo. Wawili kati yao aliwapa utawa kamili, Leon Landsberg na Marie Louise, na wote wawili baadaye walitengana naye. Nadhiri za utawa nchini India mtu huziandaa kwa miaka. Wao walipewa baada ya miezi. Shirika lake lilijifunza, na leo njia ya kuwa mtawa ndani yake huchukua karibu miaka 10 ya majaribio.

Desemba 1895 akaingia kijana wa Kiingereza, Josiah John Goodwin, bingwa wa hati mkato. Mwandishi aliyetangulia alishindwa: Swami alisema haraka, hakuwa na karatasi mbele yake, na katikati ya Kiingereza alitupia beti za Kisanskriti. Goodwin aliajiriwa kwa mshahara, baada ya muda mfupi akakataa kulipwa. Alinukuu mchana, akapiga chapa usiku, karatasi zikaenda kwa wachapishaji. Bila yeye tungebaki na kumbukumbu za wasikilizaji na vipande vya magazeti. Mwaka 1896 pekee vilitoka *Karma Yoga*, *Bhakti Yoga* na *Raja Yoga*. Mihadhara ya *Jnana Yoga*, mingi ya London, ilikusanywa baadaye. Goodwin alimfuata hadi India, akafa Ootacamund tarehe 2 Juni 1898 akiwa na miaka 27. Kila anayemnukuu Vivekananda leo ana deni kwa kijana huyo, na mara nyingi hajui jina lake.

Majina ya vitabu hivyo yanakuonyesha jinsi alivyoupanga mzigo. Alisema njia ni nne kwa sababu watu hawafanani: anayependa kazi afanye kazi bila kung'ang'ania matunda yake, mwenye moyo wa mapenzi afuate ibada, mwenye kutaka kuichunguza akili yake ashike tafakuri, mwenye kupenda hoja afuate maarifa. Mtu wa Boston aliyechoka na mafundisho ya lazima alijiona ana mahali pa kuingilia. Mpangilio huo ni wake. Shankara asingekubali kwamba njia zote nne zinafika sawasawa. Kwake maarifa peke yake ndiyo yanayofungua, na maarifa hayo huja kwa kulisikiliza andiko kutoka kwa mwalimu. Vivekananda aliuweka uzoefu wa mtu mwenyewe juu ya andiko, akaiingiza Yoga ya Patanjali, ambayo kiasili ni shule nyingine ya falsafa, akaziacha nyuma kafara, kanuni za tabaka na sehemu kubwa ya ibada za hekaluni. Akaongeza hoja ambayo wazee wa Advaita hawakuisisitiza hivyo: kama kilicho ndani ya jirani yako ni kilekile kilicho ndani yako, basi kumlisha mwenye njaa ni ibada. Mbegu ya hoja hiyo ilitoka kwa Ramakrishna.

Wanazuoni wengine humlaumu kwamba hiyo si Vedanta tena. Naona lawama hiyo imezidi, kwa sababu kila mfasiri mkubwa tangu Ramanuja aliifinyanga upya. Kinachotakiwa ni msomaji ajue kwamba anasoma Vedanta iliyopita mikononi mwa mtu wa mwaka 1896. Na yoga ya kujinyoosha kwenye mkeka usimbebeshe yeye: ndani ya *Raja Yoga* anaiweka kando yoga ya mazoezi ya mwili, akisema haimhusu humo.

Mambo ya Uingereza niyapitie haraka. Alikwenda 1895 na 1896, akakutana na mwanazuoni wa Kisanskriti Max Müller Oxford, na kumtembelea mwanazuoni mwenzake Paul Deussen Kiel, Ujerumani. Matunda makubwa yalikuwa watu: Kapteni Sevier na mkewe Charlotte, walioanzisha naye nyumba ya Advaita kule Mayavati milimani Himalaya mwaka 1899, na Margaret Noble, mwalimu kutoka Ireland, aliyehamia Kolkata 1898, akaitwa Nivedita, akafungua shule ya wasichana.

Kabla ya kurudi India aliwaita watawa wenzake washike nafasi yake. Saradananda alifika 1896. Abhedananda alikuja London mwaka huohuo, akahamia New York 1897, akakaa ng'ambo hadi 1921. Akiwa India, Vivekananda alianzisha Misheni ya Ramakrishna tarehe 1 Mei 1897, na kituo kikuu kikawekwa Belur, ukingoni mwa mto Hugli. Safari ya pili, 1899 hadi 1900, alikwenda na Turiyananda, akafungua njia California: jumuiya ya San Francisco ilianza 1900, na mwanafunzi mmoja akatoa ekari 160 za nyika kwa ajili ya mahali pa tafakuri. Alifariki Belur tarehe 4 Julai 1902, miaka 39. Kazi haikusimama. Trigunatita alijenga hekalu San Francisco, likafunguliwa Januari 1906, likasalimika katika tetemeko kubwa la Aprili mwaka ule. Yeye mwenyewe alijeruhiwa na bomu la mwanafunzi wake wa zamani mwishoni mwa 1914, akafa Januari 1915. Kisha wakaja Paramananda Boston, Prabhavananda Hollywood, Nikhilananda New York.

Utaratibu unaovifanya vituo hivyo vidumu ni rahisi kuueleza. Jumuiya ya mji huandikishwa kisheria papo hapo, ina bodi yake, mali yake na michango yake. Ikihitaji mwalimu huomba Belur, Belur humteua swami, naye huja kwa kawaida kukaa miaka mingi, mara nyingi hadi kifo. Fedha haziendi Belur kama kodi, na mafundisho hayabuniwi na bodi. Ratiba ni ileile karibu kila mahali: mhadhara Jumapili asubuhi, kwa kuwa ndiyo siku watu wana nafasi, darasa la Gita au Upanishadi katikati ya wiki, ibada fupi jioni, na miadi ya mtu mmoja mmoja na swami. Krismasi huadhimishwa, na si ili kuwafurahisha wenyeji, maana huadhimishwa Belur pia. Kubadili dini hakutakiwi. Udhaifu wake uko wazi: kituo humtegemea mtu mmoja, na akifa bila mrithi aliyezoeleka, madarasa hupwaya. Pia jumuiya hizo hazikuwahi kuwa kubwa. Nguvu yake ilipita zaidi kwenye vitabu na kwa waandishi waliokaa karibu nayo, kama Aldous Huxley na Christopher Isherwood kule Hollywood.

Sasa pwani yetu. Hapana, mahekalu ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hayakutokana naye. Linganisha tarehe: 1896, Goodwin akinukuu mihadhara New York, ndio mwaka ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa na vibarua kutoka India wakaanza kuletwa kwa maelfu. Uhindu wa Afrika Mashariki ulikuja na watu hao, na kabla yao na wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat, wakibeba miungu ya nyumbani, sherehe na lugha zao. Waliijengea jamii yao. Hawakuja kufundisha wageni. Wafuasi wa Swaminarayan, mwalimu wa dini aliyefundisha Gujarat, wana Vedanta yao, ya upande wa ibada, ambamo Mungu na mja hawawi kitu kimoja. Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi ya Kihindu iliyofika Nairobi 1903, inatokana na Dayananda Saraswati, mwanamageuzi mwingine kabisa. Kituo cha Ramakrishna kilianzishwa Durban 1942, na hapo pia kwa sababu jamii kubwa ya Wahindi ilikuwapo tayari.

Kuhusu kusoma: anza na hotuba 6 za Chicago, utazimaliza kwa jioni moja. Kisha *Karma Yoga*, kitabu chepesi kuliko vingine. Halafu usome Upanishadi ya Katha, ambamo kijana Nachiketa anamhoji Kifo, upate kuona alikotoa maneno yake. Na sura ya 2 na ya 3 za Gita. *Jnana Yoga* iache baadaye. *Raja Yoga* isome, ila mazoezi ya pumzi yaliyomo usiyajaribu peke yako kitandani. Yeye mwenyewe anaonya mwanzoni kwamba, isipokuwa kwa wachache, yoga hufundishwa salama na mwalimu aliye karibu.

Ukifungua juzuu za maandishi yake yote, ambazo ni 9, utakuta hazikupangwa kwa kufuata miaka. Kwa hiyo kabla ya kunukuu chochote darasani, tazama kwanza mahali na tarehe. Akiwa New York anawaambia watu wenye shibe waketi watulie wajitazame ndani. Akiwa Madras mwaka 1897 anawaambia vijana walewale waliomchangia nauli kwamba wanahitaji misuli ya chuma, na kwamba kwa miaka 50 ijayo waiache miungu mingine, wawatumikie watu wao. Ukizichanganya nukuu hizo mbili bila tarehe, wanafunzi watadhani alikuwa kigeugeu.